Datu Bantilaw Anyimwa Cheti

Katika mji wetu wa Tibangan jina la ukoo la kila mtu linaanza na herufi T. Zamani za Wahispania, gavana mmoja alichoshwa na majina tuliyokuwa tukiitana wenyewe, akatuma orodha ya majina mapya visiwa vyote vya Ufilipino, na ukurasa ulioangukia kwetu ulikuwa wa T. Ndiyo maana tuna akina Tamparong, Tacuyan, Tuburan na Tibor. Na ndiyo maana karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya manispaa alikuwa na kabati lenye droo nyingi, moja, ya T, imepasuka kwa kujaa na katika zilizobaki wanazaliana panya.

Karani huyo alikuwa Manong Karpo, yaani Kaka Karpo kama tunavyowaita waliotuzidi umri, jina kamili Policarpo Tamparong. Mungu alimpunguzia kimo akamlipa kwa sauti na kitambi. Kazini alikuwa mwiba. Ukienda kuandikisha mtoto ukasema alizaliwa “wakati wa ile mvua kubwa”, anakurudisha nyumbani ukaulizane na mkeo mvua ipi. Ukileta shahidi mmoja, anataka wawili. Mimi mwenyewe, Urbano Tacuyan, fundi redio, jirani yake ukuta kwa ukuta, nilikaa miaka miwili bila cheti cha ndoa kwa sababu padri aliandika “Urbana”, na Manong Karpo akasema hawezi kuandikisha ndoa ya wanawake wawili.

“Lakini Manong, unanijua tangu nina kamasi!”

“Mimi nakujua, Toto. Karatasi haikujui.”

Sasa, mtu huyohuyo mkali wa karatasi, siku moja kwa mwaka aliuvua ukarani akawa mfalme. Kila sikukuu ya mji, mwezi wa tano, alivaa kilemba chekundu, bangili za shaba na kitambaa cha hariri ambacho mkewe, Manang Bising, alikipiga pasi tangu wiki moja kabla, akapanda jukwaani kuwa Datu Bantilaw, mkuu wa kale aliyesemwa kwamba aliutawala mwambao wetu zamani hizo, kabla Mhispania hajajua kama kuna dunia huku. Datu huyo aliacha sheria kumi na nane. Zilikuwa kwenye vitabu vya shule, watoto walizikariri, na hakimu wa wilaya alizitundika ukutani nyuma ya kiti chake.

Zilikuwa sheria za kutisha. Atakayeiba mahindi ya mkuu, afungwe kwenye mnazi wenye wadudu wa majimoto tangu jua kuchomoza hadi kivuli kisimame. Atakayecheka mkuu akijikwaa, ale mchanga vibaba viwili. Mke atakayemjibu mumewe mbele ya wageni, avushwe mto mara saba na jiwe kichwani. Sheria hiyo ikifika, Manang Bising hukohoa pale chini kwa namna ambayo mji mzima unajua maana yake, na Datu huisoma ile inayofuata haraka kidogo.

Mimi katika mchezo huo nilikuwa mwizi wa mahindi. Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa na sikupata mtu wa kunirithi. Mwanzoni tulitumia punje za pilipili manga kama wadudu, lakini Manong Karpo alisema historia si mchezo. Tangu hapo ikawa majimoto wa kweli, wekundu, wa kiota kizima. Watu walipiga makofi wakisema Bano anajua kuigiza.

Nyumbani kwa Manong Karpo alikuwapo pia mama mkwe, Nanay Pinang, mwanamke wa milimani huko juu mtoni, aliyeshuka kukaa na bintiye alipofiwa na mumewe. Huyu kila mchana alijilaza katika bembea yake ya kamba jikoni, akafumba macho, akaanza kuimba. Si wimbo wa dakika tatu kama wa redioni. Alianza Jumatatu akamaliza Alhamisi. Ulikuwa wa lugha ya kale, nusu yake hatuielewi, wa mashujaa wanaosafiri angani na mashua zao na wanawake wanaowafuata kuwagombeza. Mgeni akipiga hodi, Manong Karpo hukimbia kufunga mlango wa jikoni na kufungulia redio.

“Nanay, tafadhali, kuna wageni.”

“Kwani wageni hawana masikio?”

“Wanayo, Nanay. Ndiyo shida yenyewe.”

Aliona aibu. Mtu ni Datu Bantilaw, mtoa sheria, halafu jikoni kwake kuna bibi wa msituni anaimba huku anatema mate mekundu ya tambuu kwenye kopo la maziwa!

Mwaka huo ninaousimulia, mwaka wa sitini na saba, meya alipata barua kutoka Manila. Ilitoka kwa Profesa Melquiades Abrenica. Hata sisi tusiosoma tulimjua jina. Ndiye aliyeandika kile kitabu kilichowagawa walimu, akasema kwamba kile tulichofundishwa kuwa ni historia ya Ufilipino ni historia ya Wahispania waliokuwa Ufilipino: gavana fulani kaja, gavana fulani kaondoka, askofu kagombana na gavana, na sisi wenyewe tunaonekana tu pale tunapobeba machela au kuchoma kanisa. Mapadri wengine walikikemea madhabahuni, kwa hiyo kikasomwa sana. Barua yake ilisema anakuja kuchunguza asili ya Datu Bantilaw.

Meya Tuburan aliisoma barua hiyo uwanjani kwa kipaza sauti.

“Tumekwisha!” alisema. “Yaani, tumekwisha fika! Mzalendo mkubwa kuliko wote anakuja kutuandika!”

Kesho yake aliagiza sanamu ya saruji ya Datu, futi kumi na mbili, na mtu wa kuigwa umbo akawa, kwa haki kabisa, Manong Karpo. Fundi alimpima kwa kamba, akamuuliza kama kitambi nacho kiwekwe.

“Weka,” Manong Karpo akajibu. “Mkuu asiye na kitambi watu watadhani aliongoza wakati wa njaa.”

Profesa alifika kwa basi la saa nne. Tulitegemea mtu mrefu. Akashuka kijitu chembamba, shati jeupe limechafuka kwa majivu ya sigara, mkononi ana kinasa sauti cha ukubwa wa sanduku la nguo. Bendi ikapiga. Watoto wa shule wakakariri sheria zote kumi na nane bila kuvuta pumzi. Halafu tukamchezea mchezo wote, na kwa heshima yake majimoto wakaongezwa kiota cha pili. Mimi nililia machozi ya kweli. Nilipofunguliwa nikamwona profesa ameacha kuandika, ananitazama kwa huruma.

“Ndugu, hao ni wa kweli?”

“Profesa, hapa hakuna cha uongo,” nikasema, nikijikuna.

Kwenye karamu, meya alimpakulia mwenyewe mbaazi zilizopikwa kwa nyama ya nguruwe na fenesi, akamjazia bilauri ya tembo la mnazi, akamuuliza kurasa ngapi tutapata. Profesa akala vizuri, akasifu fenesi, akauliza swali moja tu: mahindi hayo ya mkuu yalilimwa upande gani wa mto? Meya akasema pande zote mbili, yalikuwa mengi sana. Profesa akaandika.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya manispaa, nimekuja kuandikisha binti yangu wa tatu, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Profesa aliingia, akavuta kiti mbele ya meza ya Manong Karpo.

“Manong, leo sikuja kwa Datu. Nimekuja kwa karani.”

“Karani ndiye mimi.”

“Nina maombi ya mtu anayetaka kuandikishwa. Jina nitakutajia mwishoni, nisije nikakufanya upendelee. Niambie tu kama wewe ungempa cheti.”

Manong Karpo akavaa miwani. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Hakuna kitu alichokipenda kuliko kasoro za karatasi ya mtu mwingine.

“Baba yake nani?”

“Hakuandikwa.”

“Mama?”

“Hakuna.”

“Anaanza vibaya. Kazaliwa wapi?”

“‘Katika visiwa hivi.’”

“Visiwa elfu saba! Mashahidi?”

“Mmoja. Padri wa Kihispania, anayesema aliikuta habari hii na kuinakili. Nimemtafuta katika orodha zote za shirika lake, za hapa na za Hispania. Padri wa jina hilo hajawahi kupanda meli kuja huku.”

“Shahidi hewa,” Manong Karpo akasema, akaandika pembeni kwa penseli nyekundu. “Karatasi ya asili iko wapi?”

“Haijaonekana. Ipo nakala tu. Aliitoa mtu aliyekuwa akiwauzia Wamarekani vitu vya kale.”

“Nakala ya kitu kisichokuwapo! Profesa, mimi hapa nimewafukuza watu kwa makosa madogo kuliko haya. Muulize huyu Bano.”

“Ni kweli,” nikasema.

“Na hiyo nakala ya padri ina tarehe?”

“Tarehe thelathini na moja, mwezi wa sita.”

Manong Karpo alicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye wino. Alipiga meza. Makarani wa chumba cha pili wakachungulia.

“Juni thelathini na moja! Juni ina siku thelathini, hata kuku wanajua! Bano, umesikia? Mtu kakaa akaandika uongo wake wote, kashindwa kutazama kalenda ya ukutani!”

Nami nikacheka, ingawa ilibidi kwanza nihesabu miezi kwa vifundo vya ngumi. Manong Karpo alivuta mhuri mkubwa, akaupulizia pumzi, akaugonga kwa mikono miwili: IMEKATALIWA. Halafu akafungua daftari.

“Haya, nitajie jina la huyo tapeli.”

Profesa alizima sigara yake kwanza.

“Bantilaw,” akasema. “Datu.”

Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu na ilikuwa inalia. Sikuwahi kuisikia kabla ya siku hiyo.

Manong Karpo aliitazama ile karatasi. Midomo yake ikaanza kwenda bila sauti, na nikajua anayasema yale maneno ya mwanzo, yale anayoyatamka kila mwaka ngoma zikiwa zinapigwa: jinsi padri fulani alivyoukuta waraka siku ya thelathini na moja ya mwezi Juni. Miaka thelathini na moja alikuwa akiyatangaza kwa sauti ile ya radi mbele ya mji mzima. Lakini neno ulilolikariri utotoni hulisikii tena. Linapita tu, kama Baba Yetu.

“Na mahindi?” akauliza taratibu.

“Mahindi yaliletwa na Wahispania kutoka Mexico. Mkuu huyu anayalinda kwa majimoto miaka zaidi ya mia kabla hawajafika.”

Hapo mimi ndiye niliyesimama. “Yaani mimi nimeng’atwa miaka yote hii kwa mahindi yasiyokuwapo?”

Manong Karpo alifunga daftari, akachukua kofia yake, akaenda nyumbani saa tatu na nusu asubuhi, jambo ambalo hata wakati wa vita hakulifanya. Binti yangu akabaki hajaandikishwa.

Mchana mji ulikuwa umechemka. Meya alimkuta profesa uwanjani, pale fundi alipokuwa amemaliza miguu ya sanamu na kuanza kiuno.

“Si wewe uliyeandika kwamba tuache historia ya Wahispania tutafute yetu?” meya akamkabili.

“Ni mimi.”

“Tukatafuta! Tukapata! Sasa unatunyang’anya!”

“Hamkuipata, Mheshimiwa. Mliuziwa.”

“Hata kama ni uongo, ni uongo wetu!”

Watu wakapiga makofi, na nakiri mkono wangu mmoja nao ulipiga kabla sijauzuia. Profesa akapanda juu ya mfuko wa saruji, maana alikuwa mfupi na watu walikuwa wengi. Hakuwa mpole. Wanafunzi wake baadaye waliniambia kwamba darasani alikuwa akirusha chaki.

“Miaka mia tatu walituambia kwamba kabla yao tulikuwa watu wa kukaa mitini,” akasema. “Tukaumia, tuna haki ya kuumia. Sasa tunafanya nini? Tunajitungia mfalme katili, mwenye sheria za nambari kama zao, na tunamtafutia padri wa kumshuhudia! Bado tunawaomba wao cheti! Wazee wenu hawakuishi ili waje waombewe cheti kwa Mhispania, tena Mhispania wa kutungwa!”

“Basi tuonyeshe hao wazee!” mtu akapaza sauti nyuma.

“Sijawaona bado,” profesa akasema, akashuka. “Ndiyo kazi yenyewe.”

Hilo halikumridhisha mtu. Alipokwenda kukata tiketi ya basi la jioni, kondakta akamwambia gari limejaa. Gari lilikuwa na mwanamke mmoja na majogoo wawili wa kupiganisha. Akamwambia na la kesho limejaa. Nyumba ya meya ilikuwa imemfungia milango, kwa hiyo nikamkaribisha kwangu, karakanani, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Mke wangu alinuna. Nikamwambia mtu aliyenitoa kwenye mnazi siwezi kumlaza barabarani.

Asubuhi profesa akasema anataka kwenda kumwomba radhi Manong Karpo. Tukaenda. Manang Bising alitufungulia.

“Yuko chumbani, kageukia ukuta,” akasema. “Hali, hanywi. Nimemwambia, ‘Mume wangu, mwenye haki ya kulia ni mimi, miaka thelathini na moja napiga pasi nguo ya mzimu.’ Hakucheka.”

Tukakaa sebuleni tukisubiri. Hakuna aliyekumbuka kufunga mlango wa jikoni, maana mwenye kazi hiyo alikuwa kitandani. Basi Nanay Pinang akaanza.

Profesa alikuwa anawasha sigara. Kiberiti kikamwunguza kidole. Akainuka, akavua viatu, akaenda mpaka kizingiti cha jikoni akasimama hapo, kiberiti bado mkononi. Sijui alisimama muda gani. Bibi hatimaye akafumbua jicho moja.

“Nani huyu ananitazama kama kuku mgonjwa?”

“Nanay, shikamoo. Ni Melquiades, natoka Manila. Wimbo huo nani alikufundisha?”

“Nyanya yangu. Naye nyanya yake. Unataka nini? Kama ni kelele zimekuudhi, kamwambie mkwe wangu, yeye ndiye anayefunga mlango.”

“Nataka usiache.”

Nanay Pinang akafikiri. Akamwambia Bising amletee popoo, majani na chokaa, kwa sababu yeye haimbi na mdomo mkavu, na kwamba akiacha kuimba, hata volkano ilipuke, hataendelea mpaka amalize usingizi wa mchana. Profesa akakubali yote. Akanituma mbio kuleta kinasa sauti. Kilikuwa kimegoma tangu safarini, nikakifungua palepale sakafuni, nikakuta jani la tumbaku kwenye mkanda. Kikaanza kuzunguka.

Tatizo likawa lugha. Profesa alitoka Luzon, lugha yetu aliijua kidogo na ya kale hakuijua kabisa. Manang Bising akajitolea kumtajia maneno, naye akaandika. Bibi anaimba ubeti, anakaa kimya kutafuna, Bising anautaja, profesa anaandika na kuusoma kwa sauti. Ukuta wa chumba cha kulala ni wa mianzi iliyosukwa. Tulianza kusikia kitanda kinalia. Ubeti wa kwanza kitanda kililia mara moja. Wa pili mara mbili. Wa tatu profesa alisoma neno fulani vibaya sana, na mlango ukafunguka kwa kishindo.

“Siyo hivyo!” Manong Karpo alikuwa amesimama na fulana, nywele zimesimama. “Hapo kuna mkato katikati! Bila mkato, bwana harusi ameoa bakuli!”

“Niandikeje?” profesa akauliza.

“Lete kalamu.”

Akakaa sakafuni, akavuta karatasi. Mama mkwe akamtazama kutoka juu ya bembea yake.

“Toto Karpo, kumbe unayajua maneno haya?”

“Nanay,” akasema bila kuinua kichwa, “miaka kumi na nane unaimba, mimi nafunga mlango, na mlango wenyewe ni mwanzi. Nitaachaje kuyajua?”

Waliandika siku nne. Kuanzia siku ya pili majirani walijaa mpaka uani, kwanza kwa kuchungulia, halafu na viti vyao. Ilikuwa hadithi ya shujaa aliyekwenda kuposa mbali, akarudishwa kwa sababu mtungi aliouleta ulikuwa na ufa, akaenda tena, akarudishwa tena. Kila alipokaribia kuoa, Nanay Pinang alisema amechoka, akalala, na mji mzima ukabaki umekodoa macho. Hata meya alikuja siku ya tatu, akasema anapita tu, akaketi kwa muda wa saa tano.

Ndani ya hadithi hiyo wakuu wawili waligombana kwa sababu ya nguruwe aliyeibwa. Hawakupigana. Waliketi siku saba wakitafuna tambuu na kutupiana maneno ya mafumbo, mpaka mwizi akalipa upatu wa shaba na mtungi mmoja, wakala nguruwe mwingine pamoja. Nikashindwa kuvumilia.

“Nanay, huyo mwizi hakufungwa kwenye mnazi?”

“Afungwe kwa nini?”

“Kaiba nguruwe!”

“Sasa akifungwa, nguruwe atalipwa na nani? Na wadudu?” Akatema mate koponi. “Nyinyi wa pwani shule imewaharibu.”

Profesa alicheka mpaka akakohoa, halafu akafungua begi lake kwa haraka akatoa daftari. Akamwonyesha Manong Karpo. Alikuwa amenakili maneno ya padri mmoja, safari hii padri wa kweli, jina liko kwenye orodha na kaburi linajulikana, aliyelalamika zamani sana kwamba wakuu wa kisiwa chetu hawajui kuadhibu: kosa lolote kwao ni faini na karamu. Padri aliandika hivyo kwa dharau.

“Wanafunzi wangu husoma hapa wanaona tusi,” profesa akasema. “Mimi nilidhani kuna kitu ndani yake, lakini nilikuwa na shahidi huyu mmoja tu, tena adui.”

Manong Karpo aliitazama ile karatasi, akaitazama bembea.

“Sasa unao wawili,” akasema. “Na hawajuani. Hilo ningelipokea.”

Siku ya tano kondakta alimpa profesa kiti cha mbele na hakumtoza nauli.

Kitabu kilitoka baada ya miaka mitatu. Datu Bantilaw alipata mistari minne chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Nanay Pinang alipata kurasa kumi na moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kukaa naye. Wageni walisubirishwa. Mlango wa jikoni Manong Karpo aliung’oa mwenyewe, akaufanya meza. Naye alitajwa mwanzoni kabisa, kwenye shukrani, kwa jina la Policarpo Damparong. Alikaa na kitabu hicho mapajani jioni nzima. Kesho yake alimwandikia profesa maombi rasmi ya kusahihisha jina, nakala tatu, mashahidi wawili. Toleo la pili lilimwita Tampalong. Akaandika tena. Mpaka profesa anastaafu walikuwa bado wanaandikiana, na nadhani wote wawili walianza kukosea na kusahihishana kwa makusudi, maana barua zenyewe zilikuwa ndefu na habari za jina zilikuwa mstari mmoja tu.

Usidhani mji uligeuka siku moja. Mtihani wa serikali uliendelea kuuliza sheria kumi na nane, kwa hiyo watoto wa Tibangan walijifunza majibu mawili, moja la mtihani na moja la Manong Karpo, aliyekuwa akipita shuleni kila muhula kuwauliza. Meya alijaribu kumrudisha jukwaani.

“Mara moja tu, Manong. Watu wanapenda kilemba.”

“Nikivaa kilemba hicho, Mheshimiwa, nitalazimika kujikamata mwenyewe kwa kughushi.”

Sanamu iliishia kiunoni. Ikawekewa beseni juu, bomba likapitishwa ndani, na mpaka leo wanawake wakienda kuchota maji wanasema wanakwenda kwenye suruali.

Baada ya hapo kila likizo profesa alituletea wanafunzi wake, kumi, kumi na watano, wenye miwani na miguu laini. Aliwaamuru walale kwenye sakafu za watu, wale wanachokula watu, wapande milimani kuwasikiliza wazee, halafu washuke wakasome vitabu vya ubatizo kanisani na madaftari ya Manong Karpo, waone wapi maneno yanakutana. Walimu wengine wa Manila walimcheka. Baadaye wakaanza kuleta na wao. Manong Karpo, ambaye kwa wakati huo alikuwa amestaafu, aliwasimamia kama mnyapara.

Mwaka mmoja alikuja binti anayeitwa Leonila, mkimya, mwenye kikohozi. Manong Karpo alikuwa amewasimulia wanafunzi wote jinsi babu wa babu yake alivyokataa kodi ya Wahispania, akawafukuza wakusanyaji kwa panga. Siku ya tatu Leonila alirudi kutoka kanisani na daftari lake.

“Manong, samahani. Huyo babu wa babu yako, katika miaka hiyo, ameandikwa mara sita. Hakuwafukuza wakusanyaji. Yeye ndiye alikuwa mkusanyaji.”

Manong Karpo akawa mwekundu, akasema wasichana wa siku hizi hawana adabu, akasema padri aliyeandika alikuwa mlevi, akachukua kofia yake akatoka. Tulimwona akivuka uwanja kuelekea kanisani, fimbo ikigonga mawe.

Alikaa huko mpaka chakula cha mchana kikapoa. Aliporudi alinawa mikono, akaketi, akavuta chungu cha mbaazi, akachagua kipande cha nyama chenye mafuta mazuri, akakiweka kwenye sahani ya Leonila.

“Saba,” akasema.

“Saba nini, Manong?”

“Ameandikwa mara saba. Umeruka ukurasa mmoja, kurasa zimeshikana kwa unyevu.” Akamwongezea fenesi. “Kula kwanza, halafu urudi ukaandike yote.”